Ratiba ya Muhula Inapogoma: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Kazi ya kupanga ratiba ya idara kwa kawaida hupewa mhadhiri mmoja juu ya vipindi vyake vyote, pamoja na faili ya Excel aliyoirithi na onyo la aliyemtangulia: "safu ya G usiiguse." Wiki mbili za mwanzo wa muhula simu yake hailali. Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Umepangwa kwa malalamiko kama yanavyofika ofisini, na chini ya kila lalamiko kuna vyanzo, kinachotokea sana kikitangulia. Mifano ni ya vyuo vikuu vya Tanzania, lakini aliyeko Eldoret au Bujumbura atabadilisha majina tu.

Jambo moja nalishikilia kabla hatujaanza. Mtu akikwambia "venyu hazitoshi", yaani vyumba vya kufundishia, usimwamini mpaka uone orodha. Mara nyingi kilichokosewa ni takwimu zilizoingizwa: idadi ya wanafunzi ya mwaka jana, chumba kilichoandikwa kwa majina mawili, kozi ya pamoja iliyohesabiwa mara mbili. Anayesogeza vipindi kabla ya kusahihisha orodha hizo huzua migongano mahali palipokuwa salama.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, nakili faili na uweke tarehe kwenye jina lake, toa orodha ya usajili ya siku hiyohiyo, kisha hakikisha hakuna mwenzako mwingine anayehariri nakala yake pembeni. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa.

"Dokta, vipindi viwili vinagongana"

Anza na swali moja: mgongano huu ni wa nani? CR, yaani kiongozi wa darasa, akikuandikia kwamba "darasa zima" lina mgongano, mwombe namba tatu za usajili na orodha ya kozi za kila mmoja. Majibu yake yatakuonesha uko kwenye chanzo kipi.

Chanzo cha kwanza ni wanaokeri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeanguka kozi ya mwaka wa kwanza sasa anaisoma pamoja na za mwaka wake, na ratiba haikupangwa kwa ajili yake. Hapa usisogeze kipindi. Darasa la watu 200 halihamishwi kwa ajili ya watu wanne. Mpeleke kwa mshauri wake wa masomo, na uangalie kama kozi hiyo ina semina za saa nyingine anazoweza kuhudhuria.

Cha pili ni kombi za wanafunzi wa ualimu, na hapa inafaa kukaa kidogo kwa sababu ndipo ratiba nyingi zinapovunjika. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa husoma masomo mawili ya kufundishia, pamoja na kozi za elimu zenyewe. Masomo yakiwa sita, tuseme Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uchumi na Hisabati, kombi zinazowezekana ni 15. Yakiongezeka kuwa saba, zinakuwa 21. Mratibu wa Idara ya Kiswahili anaona kozi zake tu. Wa Historia anaona zake. Kila ratiba ikisimama peke yake ni safi, lakini ukiziweka pamoja, wa Kiswahili na Historia anatakiwa kuwa sehemu mbili kila Jumanne saa 4 asubuhi.

Ukaguzi mwepesi ni kuchukua ratiba za idara zote zinazohusika na kuzisoma kwa jicho la mwanafunzi mmoja wa kila kombi, mwaka kwa mwaka. Kazi inachosha, inachukua nusu siku, na inafanya kazi. Marekebisho ya kudumu ni idara kugawana nyakati kabla ya kuanza kupanga: Kiswahili cha mwaka wa pili kiwe na saa zake, Historia zake, na kozi za elimu zao, wala mtu asivuke mpaka. Wakuu wa idara hulalamika kwamba wanafungwa mikono. Ni kweli, wanafungwa.

Cha tatu ni kozi za chuo kizima, kama Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano. Hizo hupangwa na ofisi ya ratiba ya chuo kwa sababu zinakusanya vitivo vingi kwenye kumbi chache kubwa. Zikigongana na kozi yako, inayohama ni yako.

Cha nne ni makundi ya semina. Mihadhara haigongani, lakini mfumo umemweka mwanafunzi kundi la 7 wakati saa hiyo ana maabara. Mbadilishe kundi, mambo yameisha. Ni marekebisho rahisi kuliko yote kwenye mwongozo huu, na ajabu ni kwamba watu husogeza mhadhara mzima badala yake.

Ukiona migongano inazidi kumi na haina sura moja, acha kuifukuza mmojammoja. Tengeneza jedwali la migongano: kozi zote kwenye mistari, kozi hizohizo kwenye safu, na katika kila seli idadi ya wanafunzi waliosajiliwa zote mbili. Data ya usajili ikiwa kwenye safu mbili, namba ya mwanafunzi na kozi, Excel itakuhesabia. Seli yenye sifuri ni ruhusa: kozi hizo mbili zinaweza kukaa saa moja bila kumuumiza mtu. Seli yenye 3 ni mazungumzo na watu watatu. Seli yenye 180 ni marufuku. Mara ya kwanza kutazama jedwali hilo utakuta sifuri nyingi kuliko ulivyodhani, na zile jozi za kozi ambazo idara imezikwepesha kwa miaka mingi hazina hata mwanafunzi mmoja wa pamoja.

Simama hapa: marekebisho yakihitaji kuhamisha kozi ya idara nyingine, au kubadili usajili wa mwanafunzi baada ya dirisha kufungwa, usiyafanye kwa urafiki wa simu. La kwanza ni la mratibu wa ratiba wa chuo, la pili ni la ofisi ya msajili. Kozi ikifutwa kimakosa kwenye usajili, mwanafunzi anaweza kufanya mtihani na asipate matokeo.

"Watu wamesimama madirishani"

Picha inajulikana: kiti kimoja watu wawili, mabegi kwenye ngazi, na kundi nje linaandika kwa kusikiliza tu. Kabla ya kutafuta ukumbi mkubwa, hesabu vichwa, na urudie wiki inayofuata. Hesabu na viti pia, kwa miguu yako. Chumba kilichoandikwa 120 kwenye orodha ya majengo kinaweza kuwa na viti 96 vinavyokalika, vingine vimevunjika au vimehamishiwa kwenye mahafali na havikurudi.

Chanzo kikuu ni idadi ya zamani. Ratiba hupangwa kabla usajili haujakamilika, hivyo mratibu hutumia namba ya mwaka jana. Tena wasiomaliza kulipa ada, wakiwemo wanaosubiri bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi), huenda hawaonekani kwenye mfumo, lakini darasani wamo. Idadi ya wiki ya kwanza ni ya kukisia. Ya wiki ya tatu ndiyo ya kufanyia uamuzi.

Kinachofuata ni kozi inayosomwa na programu mbili huku iliyoandikwa ni moja. Angalia kama kozi ina misimbo miwili kwa mtaala wa zamani na mpya. Jumlisha zote.

Halafu kuna mkondo usiopendwa. Darasa limegawanywa mikondo miwili, mmoja saa 1 asubuhi na mwingine saa 5, na wote wanakuja saa 5. Chumba kina nafasi ya kutosha kwa waliopangiwa. Dawa yake ni karatasi ya mahudhurio yenye majina ya mkondo huo tu. Mgogoro utaendelea wiki mbili kisha utapoa.

Ukishajua idadi halisi, jaribu kubadilishana vyumba kabla ya kubadili saa. Ukihamisha saa unafungua migongano yote ya sehemu iliyotangulia, ila ukibadilishana chumba na darasa dogo lililo saa hiyohiyo, hakuna ratiba ya mwanafunzi inayoguswa. Chuja saa husika, panga vyumba kwa viti na madarasa kwa idadi, na mara nyingi utamkuta mtu mwenye wanafunzi 35 amekaa kwenye ukumbi wa 150 kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi. Mwendee kwa heshima, hasa akiwa profesa. "Shikamoo Profesa, nina ombi" hufika mbali kuliko barua pepe iliyonakiliwa kwa mkuu wa idara.

Kwa semina, fanya hesabu kabla ya kuahidi. Wanafunzi 480 kwa makundi ya 30 ni makundi 16, yaani saa 16 za chumba kila wiki kwa kozi moja. Mhadhiri akiomba makundi ya 25, ni makundi 20. Saa nne zimeongezeka, na mtu wa kuzifundisha pia ameongezeka. Hilo la pili ndilo mkuu wa idara atakalouliza.

Simama hapa: milango ikizibwa na watu, au ngazi zikijaa kiasi kwamba hakuna njia ya kutokea, kipindi kisiendelee hata kama kina jaribio (test). Nyufa mpya ukutani au kwenye dari, feni inayoyumba, soketi yenye alama ya kuungua: funga chumba, weka tangazo, piga simu ofisi ya majengo. Usikubali mtu avute waya wa umeme kutoka chumba jirani ili kipaza sauti kifanye kazi.

"Tumekuta darasa lingine ndani"

Madarasa mawili, mlango mmoja. Chanzo cha kawaida ni chumba kuwa na majina mengi. Kwenye faili moja utakuta "Ukumbi B", "Uk. B" na "Ukumbi B" wenye nafasi tupu mwishoni isiyoonekana kwa macho. Kwa kompyuta hivyo ni vyumba vitatu. Tengeneza orodha rasmi ya vyumba kwenye karatasi ya pili ya faili, kisha iweke safu ya venyu ichaguliwe kutoka kwenye orodha hiyo badala ya kuandikwa kwa mkono. Nafasi tupu zilizojificha huondolewa na fomula ya TRIM.

Chanzo cha pili huwadanganya hata wazoefu. Siku ikiwa safu A, saa ya kuanza B na chumba C, wengi hutafuta mgongano kwa fomula hii:

=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2)

Jibu likizidi 1, kuna mgongano. Lakini fomula inaona tu vipindi vinavyoanza pamoja. Kipindi cha saa 2 hadi saa 4 na kingine cha saa 3 hadi saa 5 kwenye chumba hichohicho kitapita salama, na Jumatano watu watakutana mlangoni. Rekebisha kwa kuandika kila saa mstari wake: kipindi cha saa mbili kiwe mistari miwili. Faili itarefuka, na fomula itaanza kusema kweli. Fomula hiyohiyo, ukibadili safu ya chumba kwa ya mhadhiri, inakamata na walimu waliopangiwa sehemu mbili.

Vyanzo vingine havimo kwenye faili yako: madarasa ya jioni ya uzamili, kikao cha kitivo kilichochukua ukumbi, au idara jirani iliyoazimwa chumba muhula uliopita na ikajiona ni mwenyeji. Muulize anayetunza funguo. Anajua matumizi halisi ya jengo kuliko mfumo wowote.

"Mwalimu hatokei"

Pita haraka hapa: angalia likizo ya masomo, mhadhiri wa muda aliyepangiwa siku yupo chuo kingine, au vipindi viwili vilivyofuatana kwenye majengo ya mbali bila nafasi ya kutembea. Angalia pia ibada. Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana iachwe wazi kwa ajili ya swala; Wasabato nao hawana Jumamosi, na sabato yao huanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo kipindi cha Ijumaa saa 12 jioni kinawagusa. Ukiyaweka haya kwenye faili mwanzoni kama saa zilizofungwa, hayatakurudia kama barua ya malalamiko. Mwalimu asipotokea na sababu haimo katika hizo, hilo si tatizo la ratiba. Ni la mkuu wa idara, mwachie.

"Tumekuja saa nane, hakuna mtu"

Tatizo hili ni letu hasa. Ratiba huandikwa kwa saa za Kizungu lakini watu hutangaziana kwa saa za Kiswahili. Aliyeona 8:00 amesoma saa nane mchana, kumbe ilikuwa saa 2 asubuhi. Kosa la kinyume hufanyika wakati wa kuingiza data: mtu anaandika 1:00 akimaanisha saa 1 asubuhi, Excel inaipokea kama saa 7 usiku, na kipindi kinatoweka kwenye ratiba iliyochapishwa kwa sababu jedwali linaanzia asubuhi. Kozi ikipotea bila maelezo, chuja safu ya saa utafute chochote kilicho chini ya 7:00.

Tumia mfumo mmoja wa saa 24 ndani ya faili, 07:00 hadi 20:00, na kwenye tangazo la wanafunzi andika maneno "asubuhi", "mchana", "jioni" bila kuona uvivu.

"Vyumba vimejaa", lakini ukipita viko vitupu

Tembea jengoni Alhamisi saa 9 alasiri ukiwa na ratiba mkononi. Andika kilichopangwa na unachokiona. Tofauti ndiyo kipimo chako.

Hesabu yake ni sehemu mbili. Chumba kinachopatikana saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, kina saa 65 kwa wiki. Kikitumika saa 40, matumizi ya muda ni kama asilimia 62. Kikiwa na viti 120 na wastani wa waliokaa ni 45, matumizi ya viti ni asilimia 37.5. Zidisha hizo mbili unapata kama asilimia 23. Ukiwa na namba hiyo mkononi, mazungumzo ya kujenga ukumbi mpya hubadilika ghafla.

Vyanzo: wahadhiri walioweka nafasi "ya akiba", semina zilizoacha kufanyika baada ya wiki ya nne, na wote kukimbilia saa 2 hadi saa 8 huku Ijumaa alasiri ikiachwa ukiwa. Kuna pia kosa la krediti. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na kujisomea na mazoezi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na kwa wiki 15 hizo ni saa 8 kwa wiki, ambazo za darasani ni sehemu yake tu kama mtaala unavyoonesha. Nimeona ratiba zilizoweka chumba kwa saa zote nane. Fungua mtaala, usikisie.

Programu inagoma kutoa ratiba

Baadhi ya idara zimeanza kutumia FET, programu huria ya bure ya kupanga ratiba iliyopo tangu 2002, na vyuo vikubwa vinaweza kuangalia UniTime iliyoanzia Purdue University huko Marekani. Programu ikizunguka saa nzima bila jibu, chanzo kikubwa ni masharti yanayopingana: mhadhiri anayetaka Jumanne na Jumatano tu, na vipindi vyake ukivijumlisha havitoshei siku mbili. FET ikikwama itakuonesha vipindi ilivyokwama navyo. Anzia hapo, si kwenye orodha nzima.

Kisha tazama uzito wa masharti. Kila ombi la mhadhiri likiingizwa kwa asilimia 100, umeiambia kompyuta kwamba "napendelea asubuhi" ni sawa na "ukumbi hauwezi kubeba madarasa mawili". Acha 100 kwa yasiyowezekana kimaumbile na kiibada. Mengine yashushe. Ikigoma bado, ondoa masharti yote ya mapendeleo, iache itoe ratiba, kisha uyarudishe mojamoja mpaka uone lipi linaivunja. Wala kugoma si uzembe wa programu: Even, Itai na Shamir walithibitisha mwaka 1976 kwamba upangaji wa ratiba ni miongoni mwa matatizo ambayo hayajulikani kuwa na njia ya haraka ya uhakika.

Simama hapa: usiunganishe programu yoyote moja kwa moja na hifadhidata ya usajili. Omba kitengo cha TEHAMA wakupe nakala ya data isiyo na majina.

Mabadiliko hayaishi

Wiki ya tano na bado kuna matoleo mapya? Karibu kila mara kuna grupu la WhatsApp ambako wahadhiri na ma-CR wanakubaliana kuhamisha kipindi "kwa leo tu", kisha leo inakuwa kila wiki, na chumba walichohamia kinakuwa cha mtu. Pawe na mahali pamoja tu pa kutangazia, kila toleo liwe na namba na tarehe juu kabisa, na liambatane na mistari miwili ya kilichobadilika. Maombi yapokelewe kwa fomu fupi: kozi, saa ya sasa, saa inayoombwa, idadi ya wanafunzi, sababu. Wengi huacha kuomba wanapofika kwenye sababu.

Ratiba ifungwe mwisho wa wiki ya tatu. Baada ya hapo badilisha kwa mambo matatu tu: chumba kimekuwa hatari, mwalimu ameondoka, au mwanafunzi mwenye ulemavu hawezi kufika alipopangiwa. Hilo la tatu lisisubiri fomu. Ukumbi wa ghorofa ya pili kwenye jengo lisilo na lifti uhamishwe chini siku hiyohiyo, na kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu kijulishwe. Ratiba ya mitihani usiigeuze kwa faili hii hata kidogo. Ina vyumba vyake, nafasi kati ya viti, na wasimamizi wake, na ipo chini ya ofisi ya mitihani.